Bwana Harusi wa Mapipa

Treni ilikuwa imeshaanza kujikokota Spika alipopapasa mfuko wa shati na kukuta miwani haimo. Akajua hata ilipo: nyumbani kwa shemeji yake, chumba cha nyuma, juu ya kimeza, juu ya karatasi ya nne. Akachungulia dirishani. Bomba refu la kiwanda cha zamani lilikuwa linarudi nyuma polepole, halafu paa la ukumbi wa wafanyakazi, halafu zile nyumba za safu zilizofanana kama meno. Hakuna aliyekuja kumsindikiza, na mwenyewe hakutaka. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuaga akiwa ameshatoka.

"Umesahau kitu, mzee?" akauliza mama mmoja aliyekaa mbele yake, beseni la vitunguu mapajani.

"Miwani."

"Sasa huko uendako utaona nini?"

"Nimeshaona ya kutosha."

Yule mama akacheka. Watu walikuwa na kawaida hiyo kwake. Hata angesema nyumba inaungua, mtu angeanza kwa kucheka, ndipo aende kutafuta ndoo.

Spika si jina alilopewa na wazazi. Kusoma kwake kulikuwa kwa kuokoteza: darasa la pili mji huu, la tatu akaliruka, la nne akalipata nusu kwa mwalimu ambaye alihamishwa kabla ya mitihani. Baada ya hapo akawa mtu wa njia. Alipakia magogo, alichimba mitaro ya simu, na mwisho akawa anauza sumu ya panya sokoni kwa kipaza sauti. Hapo ndipo Bwana Afya alipomkuta. Bwana Afya alikuwa na gari la sinema, jenereta, projekta, filamu moja, na kikohozi kisichomruhusu kusema maneno kumi mfululizo. Alisimama akamsikiliza kijana anavyowafanya watu wagombanie sumu ya panya, akasema, "Wewe njoo na mimi."

Filamu yenyewe ilitengenezwa ng'ambo na madaktari, ikasemwa kwa lugha ya huko. Dakika arobaini. Ilianza na moshi mkubwa ukipanda juu ya jangwa, ikaja kwenye mji ulioungua, ikaja hospitali, watu hawana nywele, watoto wamelala kimya kama nguo zilizokunjwa. Sehemu ya katikati ilikuwa ya wafanyakazi wa viwanda kama kile cha hapa, ambako mawe ya urani yalisagwa mpaka yakatoka unga wa njano, unga ukafungwa kwenye mapipa, na mapipa yakapelekwa mbali kwa watu wenye mitambo ya nyuklia na mabomu. Kazi ya Spika ilikuwa kusimama kando ya kitambaa cheupe na kusoma tafsiri wakati picha zinapita. Kurasa saba zilizopigwa chapa. Mwisho wa onyesho alitia sahihi daftari la Bwana Afya: tafsiri imesomwa yote.

Siku ya kwanza aliisoma yote kweli. Ilikuwa alasiri, zamu ya asubuhi imetoka kazini, madirisha ya ukumbi yamezibwa mablanketi, joto la kuokea mkate. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, na maneno yalikuwa mazito, hayamezeki. Alipofika ukurasa wa tatu mwendesha mashine mmoja alikuwa anakoroma mpaka projekta haisikiki. Walioketi nyuma wakaanza kunyanyuka, mmoja mmoja, wameinama kama wezi wa kuku. Filamu ilipokwisha, wakabaki watu kumi na wanne na mlinzi, na mlinzi alikuwa kazini.

Spika hakulala vizuri. Mtu aliyeweza kuuza sumu ya panya ameshindwa kuwauzia watu uhai wao!

Siku ya pili alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu kwa kukimbiza. Akawaona wanaanza kupiga miayo. Hapo kwenye kitambaa akatokea yule mtu aliyevaa nyeupe kuanzia utosini hadi kidoleni, uso umefunikwa, anasukuma pipa kwa mpini mrefu. Pembeni daktari anasema, anasema, dakika nne nzima hanyamazi. Spika akaikunja karatasi ya nne, akaitia mfukoni.

"Mnamwona huyo?" akanguruma kwenye kipaza sauti. "Bwana harusi huyo! Suti nyeupe, viatu vyeupe, na uso kajifunika, maana bibi harusi akimwona atavunja mlango! Na kwenye pipa mnadhani kuna nini? Mama mkwe! Anamrudisha kwao! Twende, bwana harusi! Bingiri, bingiri..."

"Mama mkwe!" mtu mmoja akamalizia gizani.

Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Onyesho lililofuata walisimama hadi nje, wakaning'inia madirishani, mablanketi yakawa yanaanguka. Lile la nne wakaja na wake zao. Bwana Afya, aliyekuwa akikaa garini na kikohozi chake, aliuliza, "Wanacheka nini?" Spika akamjibu, "Wamefurahi, bwana." Bwana Afya akaandika idadi ya watu, akampa daftari atie sahihi.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa mdogo wake Spika, fundi wa mitambo kiwandani, mtu wa mikono mikubwa na moyo mwepesi. Siku ya kwanza hakuwepo, alikuwa zamu. Maonyesho yaliyofuata hakukosa hata moja, na kila mara alikaa mbele kabisa, akimgusa jirani yake kiwiko: "Kaka yangu huyo. Tumbo moja."

Basi siku moja, jua bado liko juu, fundi akatokea mwisho wa safu ya nyumba anasukuma pipa la njano. Alilitoa kwenye rundo la vyuma chakavu nje ya lango la kiwanda, ambako hakuna aliyekatazwa kuokota. "Bingiri, bingiri!" akapaza sauti, na watoto nyuma yake wakaitikia, "Mama mkwe!" Mkewe akatoka jikoni, akacheka akakaa chini. Wakalisuuza pipa, wakalisimamisha chini ya mfereji wa paa, kukinga mvua. Likabatizwa jina siku hiyohiyo: Mama Mkwe. Chota maji kwa Mama Mkwe. Mama Mkwe leo kajaa. Mwezi haukuisha, kila nyumba katika safu ile ikawa na mama mkwe wake wa njano.

Spika alikuwepo siku ile. Alikaa kwenye kigoda, na binti wa mdogo wake, miaka mitatu, akamletea maji kwenye kikombe cha bati, kwa mikono miwili, anatembea taratibu asimwage. Alikinywa chote. Karatasi ya nne ilikuwa mfukoni, imekunjwa mara nne, na alijua neno kwa neno kilichoandikwa, maana alishaisoma kwa kidole. Akamwangalia mdogo wake anavyolipigapiga pipa kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake. Akasema moyoni, nitamwambia kesho, kimyakimya, nisimharibie raha yake.

Kesho yake gari la sinema liliondoka alfajiri kwenda kwingine. Spika alikuwa wa kwanza kupanda.

Miaka tisa baadaye fundi akafa. Alianza kwa kuchoka, akaja kutoka damu puani, akaisha mwili mpaka ile mikono mikubwa ikawa kama ya kuazima. Daktari aliandika ugonjwa wa damu. Ulitoka wapi, hakuandika. Katika safu ileile walikufa wengine watatu kwa namna hiyo. Spika alipata habari akiwa mbali, akafika siku nne baada ya maziko, akakaa siku mbili, akaondoka.

Na yule mtoto wa kikombe cha bati akakua, akasoma, akawa mtengeneza filamu. Mwaka huu alirudi na kamera kutengeneza filamu ya kweli kuhusu kiwanda, mapipa, na hatari ya mionzi iliyobaki kwenye udongo baada ya wenye kiwanda kufunga na kwenda zao. Kwenye ghala la ofisi ya afya alichimbua filamu ya zamani, kurasa saba za tafsiri, na daftari la Bwana Afya. Akampigia baba yake mkubwa simu: "Njoo. Sauti yako ndiyo inayokosekana."

Akaja. Asubuhi hiyo, saa mbili, alikaa kwenye chumba cha nyuma ambacho binti alikizungushia magodoro ukutani ili mwangwi usiingie. Maikrofoni ilikuwa imevishwa soksi.

"Soma kama ulivyosoma siku zile, baba mkubwa. Nusu saa tu. Filamu yote tayari, naipachika sauti yako, saa tisa tunaionyesha ukumbini."

Akasoma. Sauti ilikuwa imezeeka lakini haijavunjika. Alipofika ukurasa wa nne akakandamiza kidole kwenye karatasi. "Mapipa yaliyobeba unga huu, hata yakiwa matupu, hata yakioshwa, yasitiwe maji ya kunywa wala chakula. Mionzi haionekani, hainuki, haina ladha. Asiyeambiwa hawezi kuijua."

"Hapohapo," akasema binti. Akabonyeza kompyuta yake. "Sikiliza ninavyounganisha."

Ikaja picha ya fundi, ile ya harusi yake, na sauti ya binti juu yake: *Baba yangu aliambiwa. Daftari linasema filamu ilionyeshwa hapa mara kumi na moja na tafsiri ikasomwa yote. Alisikia, akacheka, akabeba pipa akaja nalo nyumbani. Nilikunywa maji yake miaka sita. Sijajua kama nimemsamehe.*

"Imezidi?" akauliza. "Niambie ukweli. Mama hajaiona. Naogopa atasema namtukana marehemu. Lakini ndivyo ilivyokuwa, au sivyo? Sahihi ni yako."

Hapo ndipo angesema. Mlango ulikuwa umefungwa, wako wawili tu, magodoro yamemeza kelele zote za dunia. Ilikuwa ama mdogo wake abaki mjinga machoni pa mwanawe mwenyewe, ama yeye aonekane alivyo. Kauli moja tu ilihitajika.

"Chai iko wapi?" akasema Spika.

Saa nne alikuwa stesheni. Alimwambia shemeji yake ana safari, na shemeji, aliyemzoea, akasema tu, "Hiyo miguu yako itazikwa peke yake, haitakusubiri."

Sasa treni ilikuwa inakata mbuga, na sauti ya binti ilikuwa inamzunguka kichwani kama nzi: sijajua kama nimemsamehe. Alijaribu kulala. Alijaribu kupiga soga na mama wa vitunguu. Akasimulia kisa cha sumu ya panya, mama akacheka, na kicheko kile kikamkera kama punje ya mchanga jichoni. Stesheni iliyofuata ilikuwa kibanda kimoja na tangi la maji. Akateremka.

"Mzee, si umesema unakwenda mwisho wa reli?"

"Nimefika," akajibu.

Treni ya kurudi ni kesho. Aliomba, akabembeleza, akaketi chini, mpaka mafundi wa reli waliokuwa wanakagua njia wakamruhusu kupanda kiberenge chao. Kilikwenda kwa kusimamasimama, kila daraja wanateremka kugonga misumari. Njiani alitunga sentensi yake. Aliipunguza, akaipunguza, hadi ikabaki hivi: *Mdogo wangu hakuambiwa, mimi ndiye sikumwambia.* Ataisema mlangoni, kabla taa hazijazimwa. Akawa anairudia midomo ikicheza, na mafundi wakadhani anasali.

Alifika saa tisa na nusu. Ukumbi ulikuwa umetiwa mapazia meusi. Filamu imeanza.

Akasimama mlangoni. Kulikuwa na watu kama sitini, wengi wao wazee: waendesha mashine waliobaki, wajane wa safu, wajukuu wachache. Ule moshi ukapanda juu ya jangwa. Mji ukaungua. Sauti yake mwenyewe ikawa inasoma, nzito, safi, kama ya mtu mwaminifu. Watu walikuwa wametulia. Ukaja ukurasa wa tatu. Akatokea yule mtu wa nyeupe na pipa lake.

"We!" ikasema sauti ya kike kutoka mstari wa mbele. Ilikuwa ya shemeji yake. "Si Bwana Harusi huyo?"

"Ndiye!" akajibu mzee mmoja nyuma, na fimbo yake ikagonga sakafu. "Hajazeeka mshenzi yule! Bingiri, bingiri..."

"Mama mkwe!" ukaitikia ukumbi mzima.

Hawakuwa wamekutana na picha ile kwa zaidi ya miaka thelathini, na hakuna aliyekosea hata pumzi. "Kajifunika uso!" "Bibi harusi atavunja mlango!" Wajane walikuwa wanajifuta machozi kwa ncha za khanga. Walicheka kama walivyocheka enzi zile, wakaurudisha ujana wao wote kwa dakika moja, na ndani ya kicheko kile sauti ya Spika ikawa inasoma ukurasa wa nne kutoka spika mbili kubwa, na hakuna aliyesikia neno. Kwa mara ya pili, mahali palepale.

Picha ikaganda. Binti alikuwa amesimamisha mashine. Taa zikawashwa.

"Mama," akasema. "Nini hicho?"

"Si sinema ya baba yako mkubwa!" Shemeji bado alikuwa anahema kwa kucheka. "Hapo ndipo tulipopapenda kuliko pote. Unadhani Mama Mkwe alipata wapi jina? Baba yako alilileta pipa lile anaimba hivyohivyo, nami nikakaa chini kwa kucheka."

"Na maneno yale? Ya mapipa?"

"Maneno gani?"

"Kwamba yasitiwe maji."

Shemeji akawageukia wenzake. Mmoja akatikisa kichwa, na mwingine, na yule mzee wa fimbo. Kicheko kikaanza kuwatoka usoni taratibu, kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyotoboka. "Hayo," akasema shemeji, "hatukuambiwa, mwanangu."

Binti akainua macho, akamwona mlangoni. Watu wote wakageuka kuangalia anachoangalia. Spika alikuwa na sentensi yake tayari mdomoni, na akaona haina kazi tena. Ilikuwa imeshasemwa na watu wengine.

Walitoka nyuma ya ukumbi, juani, wawili peke yao.

"Karatasi ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Wapi?"

"Mfukoni."

"Hata siku ile ya pipa?"

"Hata siku ile. Wewe ndiye uliyeniletea maji."

Binti akaegemea ukuta, akakunja mikono. Alikuwa na mikono ya baba yake.

"Asubuhi nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza kabisa, niambie ukweli. Ukaniuliza chai."

"Nilikuwa narudi kukwambia. Niliteremka treni."

"Umechelewa dakika thelathini."

"Miaka thelathini na tano," akasema Spika, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuna aliyecheka.

Binti akaingia ndani, akarudi na kamera na kiti kimoja. Akakiweka ukutani, akaipanga kamera, akatazama ndani yake.

"Kaa hapo. Toa utani wote, kama ulivyokuwa ukiutoa. Ukimaliza, soma ukurasa wa nne."

"Sina miwani."

"Huihitaji," akasema binti. "Uusome kwa kichwa."

Akakaa. Akautoa utani wote, na bingiri yake, na mama mkwe wake. Halafu akausema ukurasa wa nne, neno kwa neno, bila kukosea.

Filamu ilitoka mwaka uliofuata. Ile kauli ya *baba yangu aliambiwa* iliondolewa, na mahali pake akawekwa mzee kwenye kiti, dakika nne. Ilionyeshwa sehemu nyingi, na baada ya miezi kadhaa watu wenye suti nyeupe wakaja na lori, wakapima udongo wa safu ile na kuchukua mapipa kumi na tisa. Mama Mkwe alikuwa mmoja wao, ingawa kutu ilishamla chini na alikuwa anawekewa mkaa. Watoto hawakuruhusiwa kusogea. Shemeji alihamishiwa nyumba nyingine kilomita mbili kutoka pale, akaishi humo mwaka mmoja na nusu, akafa usingizini. Yule mzee wa fimbo yu hai. Ukumbi ulibomolewa.

Binti alitengeneza filamu nyingine mbili, moja kuhusu maji, moja kuhusu reli. Alipima damu, akaambiwa yuko salama kwa sasa, arudi kila mwaka, na hurudi. Picha ya harusi ya baba yake ameitundika sebuleni. Miwani aliituma kwa posta, imefungwa vizuri kwenye soksi ya maikrofoni, bila barua. Hapo awali alimwita Spika baba mkubwa. Siku hizi, anapolazimika kumtaja, husema yule mzee.

Spika aliipata miwani kwenye mji ambao hakukaa. Kipaza sauti hajakishika tena.